Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Stima ilikatika saa tano usiku, na kwa mazoea ya mtu anayeishi Embu nikasubiri irudi yenyewe. Baadaye nikachungulia dirishani. Taa za jirani zilikuwa zinawaka. Za ng'ambo ya barabara pia. Kumbe giza lilikuwa langu peke yangu. Ndipo niliposikia harufu ya plastiki iliyoungua, nikakumbuka kwamba Fundi yuko nyuma ya kabati.

Fundi ni sungura. Dume, kijivu, sikio moja limelala kidogo. Nilimpa jina hilo kwa sababu kila nilicho nacho kimepitia kwake kufanyiwa ukarabati: kandambili, kona ya godoro, hata mkataba wa nyumba. Usiku huo alikuwa ameukata waya wa ekstensheni. Nilimkuta amejikunyata, mdomo umebabuka upande mmoja, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Asubuhi nilimwekea nyasi. Hakuzigusa.

Kama hujawahi kuishi na sungura, utasema si kitu, atakula akisikia njaa. Hapana. Tumbo la sungura limeumbwa kufanya kazi bila kupumzika. Akikaa saa 12 hivi bila kula, tumbo linaweza kusimama, na likisimama mara nyingi hufa. Hawezi hata kutapika. Kwa hiyo nilikaa naye sakafuni siku mbili, nikimlisha uji wa majani yaliyosagwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kama daktari wa mifugo alivyonielekeza. Ukikaa sakafuni siku mbili unaanza kukiona chumba chako kwa kimo cha sungura. Nikajiuliza: huyu mnyama alifikaje hapa? Na hivi vitu vyote vinavyoweza kumuua, vyenyewe vilifikaje?

Tuanze na jina, kwa sababu jina ndilo lililotudanganya.

Sungura wa hadithi zetu, yule anayemchezea fisi kila siku na fisi hajifunzi, si huyu wa kufugwa. Yule ni sungura wa porini, unayemwona akikatiza barabara usiku ukiteremka kuelekea Mbeere. Yeye huzaliwa juu ya ardhi, ana manyoya, macho yamefunguka, na muda si mrefu yuko tayari kutimua mbio. Huyu wa kufugwa huzaliwa uchi na kipofu, ndani ya shimo. Mmoja ana kromosomu 48, mwingine 44, na hawawezi kuzaliana. Ni kama watu wawili wasio na undugu wanaotumia kitambulisho kimoja. Mgeni alipofika tukamwita Sungura, na pamoja na jina tukampa sifa za mwenyewe: mjanja, hashindwi, atajitoa tu.

Si sisi wa kwanza kumchanganya na mwingine. Kwao ni rasi ya Iberia, yaani Uhispania na Ureno. Inasemwa kwamba mabaharia wa Foinike walipofika huko zamani walimwona wakadhani ni pimbi, mnyama waliyemjua nyumbani, wakaiita nchi hiyo nchi ya pimbi. Wasomi wengi wanaamini ndiko jina Hispania lilikotoka, ingawa wengine wanabisha. Ukipanda Mlima Kenya utawakuta pimbi wenyewe juu kule kwenye mawe, wakingoja mabaki ya chakula chako. Biblia ya Kiswahili inamwita wibari. Waliotafsiri Biblia ya Kiingereza ya 1611 hawakumjua pimbi, kwa hiyo wakaandika jina la kale la sungura. Mfoinike alimwita sungura pimbi, Mwingereza akamwita pimbi sungura, nasi tukamwita mgeni kwa jina la shujaa wetu.

Waliomjua vizuri ni wale waliokaa naye karibu, na habari zao hazikuwa nzuri. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, aliandika kwamba kuna mji Uhispania ulioporomoka kwa sababu ya mashimo ya sungura. Akaongeza kwamba wenyeji wa visiwa vya Balearic walimwomba Kaisari Augusto awaletee wanajeshi wa kupambana nao. Hebu fikiria barua hiyo ikisomwa Roma. Mwaka 1859 huko Australia, Thomas Austin aliachilia sungura 24 hivi shambani kwake kwa ajili ya kuwinda, na baada ya miongo michache bara zima lilikuwa likilia.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake mdomoni. Meno yake ya mbele hayaachi kukua: sentimita 10 hivi kwa mwaka, na zaidi. Asipotafuna, yatamzuia kula. Na kwa mnyama wa shimoni, mzizi unaokatiza njia ni kizuizi cha kukatwa. Sasa utazame waya wa ekstensheni kwa macho yake: mwembamba, mrefu, umetanda sakafuni kwenye njia ya giza nyuma ya kabati. Tunamwita mtundu. Yeye yuko kazini.

Kwetu alikuja kwa meli enzi za ukoloni, na kwa miaka mingi hakuingia ndani ya nyumba. Alikaa nje kwenye kibanda cha mbao na wavu. Baada ya uhuru vilabu vya 4-K mashuleni, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilimfanya kuwa mradi wa watoto: unafuga, unauza, unanunua daftari. Huku kwetu mlimani alikuwa hasa mradi wa wavulana. Ng'ombe ni wa baba, kuku ni wa mama, sungura ni wa kijana anayejifunza kuwa na mali.

Mimi sikuwa kijana. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, Nkubu, kwa shosho, na kaka zangu walikuwa na vibanda vitatu ambavyo sikuruhusiwa hata kuvifungua. Jirani alinihurumia, akanipa kitoto dhaifu ambacho hakuna aliyekitaka. Kwa kuwa sikuwa na kibanda, nilimweka ndani, kwenye katoni chini ya kitanda jikoni kwa shosho. Huko Marekani mwanamke aitwaye Marinell Harriman alikuwa amechapisha kitabu cha kuishi na sungura ndani ya nyumba mwaka 1985, na mwaka 1988 kikaundwa chama kizima cha jambo hilo. London, Beatrix Potter alikuwa na sungura nyumbani kwa wazazi wake tangu miaka ya 1890, kabla ya kitabu chake maarufu cha 1902. Mimi sikujua hayo. Nilijua tu kwamba kaka zangu hawangemfikia.

Likizo ya Agosti, mti wa avokado ulipogolewa nyuma ya jikoni. Majani yalikuwa mengi, mabichi, ya bure. Nikajaza katoni hadi juu, nikiwa na furaha ya mtu aliyefanikiwa kulisha familia. Alikula. Siku ya pili alikuwa anapumua kwa kasi. Asubuhi ya tatu alikuwa amekauka. Kaka zangu wakasema ni baridi. Wa hadithi hangekufa, nikawaambia, angetoroka. Shosho alikuwa anachochea moto. Akasema, bila kugeuka, "Sungura wa hadithi ndiye mjanja. Huyu wako alikuwa mtoto."

Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba majani ya parachichi, gome lake na hata tunda lina sumu iitwayo persini, inayodhuru moyo wa sungura. Sikumpima mtu yeyote, lakini naamini ndiyo iliyomuua. Kinachoniuma ni kwamba alikula kwa hamu. Tunadhani mnyama hujua mwenyewe kipi kibaya. Lakini parachichi asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mababu wa sungura huyu, huko Iberia, hawakuwahi kukutana na mti huo. Mkutano wao ulipangwa na meli, masoko na sisi. Leo Meru na Embu zimejaa aina ya Hass, iliyotokana na mbegu ambayo Rudolph Hass alipanda California mwaka 1926 na kuisajili kwa hataza mwaka 1935. Ni pesa nzuri kwa wakulima wetu. Kwa sungura ni mtego ambao mwili wake haukuandaliwa kuutambua.

Tangu usiku ule wa giza nimekuwa nikikisoma chumba changu hivyo, kitu kwa kitu.

Waya, kwa mfano. Umeme wangu una uhusiano na mto ninaoujua. Kwenye Mto Tana, mpakani mwa Embu na majirani zake, yalijengwa mabwawa moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kwa miaka mingi nyaya kubwa zilipita juu ya vichwa vya watu wa Mbeere zikielekea kwingine, huku wao wakiwasha koroboi. Mwaka 2015 serikali ilipoanza mradi wa kuwafikishia wananchi umeme, ada ya kuunganishwa ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi zikapata soketi. Soketi moja, vifaa sita. Hivyo ndivyo ekstensheni ilivyotanda kwenye sakafu zetu. Tuliungoja umeme muda mrefu hivi kwamba haukutujia akilini kama hatari. Ulikuwa zawadi.

Halafu kuna mjomba. Mjomba anatoka upande wa Maua, na akija kunitembelea huja na kilo yake ya miraa imefungwa kwa majani ya mgomba. Aliwahi kuuza kwa ajili ya ndege za London, mpaka Uingereza ilipopiga marufuku Juni 2014. Siku hizi anatafuna na kusimulia. Mabaki huanguka sakafuni, na Fundi huja mbio, kwa sababu majani ya mgomba yananukia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha matokeo ya kuwapa sungura dume maji ya miraa: homoni ya kiume ilishuka, ile ya msongo ikapanda. Nilipomwambia mjomba, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ni sungura tu, ama?" Tangu siku hiyo anatumia karai.

Sumu ya panya ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu hainuki kama hatari. Historia yake ilianza na nyasi. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alimpelekea mwanasayansi Karl Link ng'ombe aliyekufa na chombo cha damu iliyokataa kuganda. Ng'ombe alikuwa amekula malisho yaliyooza. Kutokana na uchunguzi huo ilipatikana wafarini, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Zilizofuata ni kali zaidi. Humfanya mnyama avuje damu ndani kwa ndani, siku kadhaa baada ya kula, wakati wewe umeshasahau uliweka nini chini ya sinki. Sungura ana kimo cha panya na hupita njia za panya. Kwangu nimeacha sumu kabisa, nikaziba matundu kwa wavu wa chuma. Na nyasi za Fundi zikinuka ukungu, hata kama ni za leo, natupa.

Jiko la makaa nalo: likiwaka ndani huku dirisha limefungwa, hewa yake inamuua yeye na wewe pamoja. Baridi ya Julai huku inashawishi, najua. Fungua dirisha, au litoe nje.

Kuhusu waya, sikununua kitu. Nilichukua mpira wa kumwagilia maji uliochakaa, nikaupasua kwa wembe kwa urefu, nikauvika ekstensheni. Nikaisogeza kabati ukutani hadi pasibaki njia. Chaja inaning'inia juu, mbali na sakafu. Lakini ukimnyima kazi bila kumpa nyingine atajitafutia, kwa hiyo Fundi ana katoni ya kuchimba, nyasi kavu wakati wote, na vijiti vya mforosadi ambavyo naletewa kutoka Nkubu.

Ndiyo, alipona. Siku ya tatu, alfajiri, nilikuwa nimesinzia nimeegemea kitanda. Nikasikia mlio mdogo, krk krk krk, nikadhani ni panya. Nilipofungua macho alikuwa amevuta unyasi mmoja kutoka kwenye fungu, anautafuna kwa upande mzima wa mdomo, taratibu, kama mzee mwenye jino bovu.

Nikampigia shosho simu. Ana miaka zaidi ya themanini sasa, na bado anadhani kumfuga sungura chumbani ni wazimu wa mjini. Nikamwambia mtoto amekula.

"Umeondoa majani ya avokado?" akauliza.

Nilishangaa. Sikujua kama anakumbuka, wala kama aliwahi kujua. Nikamwambia hapa hakuna mti, shosho, niko ghorofa ya pili.

"Sawa," akasema. "Lakini angalia."