Ukingo wa Kisima cha Mchangani: Vimelea, Maji na Afya ya Umma Kitui na Makueni

Elimu ya vimelea vya mchangani imejengwa juu ya ufuo wa bahari. Anayefikiriwa ni mtalii aliyejilaza juu ya taulo, au mtoto anayefinyanga vibanda vya mchanga mahali ambapo mbwa na paka wamekwisha kupita. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake wa maji ya kuogelea na kuburudikia mwaka 2021, lilipendekeza kiwango cha muda cha bakteria wa kinyesi mchangani, enterokoki 60 kwa kila gramu, likizingatia fukwe za namna hiyo. Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani nchini Kenya, hazina bahari. Zina mito ya mchanga: Tiva, Nzeeu, Thwake, Kaiti na vijito visivyohesabika vinavyojaa kwa siku chache za mvua kisha vikabaki vitanda vyeupe vya mchanga kwa miezi mingi. Hapo hakuna anayeota jua. Hapo watu huchota maji ya kunywa.

Tofauti hiyo inatosha kubadili swali zima. Ufuoni mchanga ni mahali pa kupitisha saa mbili tatu, na asiyeupenda anaweza kukaa kando. Ukambani mchanga ni tangi la maji, malisho na njia ya mifugo, uwanja wa watoto, na tangu majengo ya Nairobi yaanze kuongezeka, bidhaa ya kupakia kwenye lori. Makala haya yanadai kwamba hatari ya vimelea katika mito hii haikuenea sawasawa mchangani kote. Imejikusanya mahali padogo sana, kwenye ukingo wenye unyevu unaozunguka kisima cha kuchimbwa mtoni, na sera za maji na za mchanga za kaunti zote mbili hazijapatazama mahali hapo.

Tuanze na imani iliyozoeleka, kwamba mchanga huchuja. Ni kweli. Maji yanayopita polepole kati ya chembe za mchanga huacha nyuma sehemu kubwa ya uchafu, na ndiyo sababu maji ya mtoni hutoka meupe wakati ya bwawa la udongo ni kama chai ya maziwa. Mabwawa ya mchanga yamejengwa juu ya ukweli huo. Ukuta wa zege au mawe hukatiza mto, mafuriko ya misimu kadhaa hujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, kwa makadirio ya kawaida kati ya robo na asilimia 40 ya ujazo wake, yakiwa yamejificha dhidi ya jua. Kitui, shirika la SASOL limeshirikiana na vijiji kujenga mamia ya mabwawa hayo tangu miaka ya 1990. Ni kazi kubwa, na hakuna neno katika makala haya la kuipunguza.

Lakini chujio likichuja, kilichochujwa huenda wapi? Kwenye mtambo wa maji wa mjini, tabaka la juu la chujio la mchanga hukwanguliwa na kuoshwa kila linapoziba. Mtoni hakuna anayekwangua. Yai la minyoo ya safura lina urefu wa maikromita 60 hivi, na la askaris, mnyoo mkubwa wa tumboni, halipishani nalo sana, hivyo mchanga unaweza kuyazuia kwa urahisi kuliko unavyozuia bakteria. Yakizuiwa, hubaki palepale juu, yakingoja mafuriko ya Novemba au mguu wa mtu. Vijidudu vidogo zaidi kama kriptosporidiamu, vyenye maikromita 4 hadi 6 tu, vinaweza kupenya, navyo havishtushwi na dawa ya klorini inayotiwa majumbani. Maji yenye vijidudu hivyo yapasa kuchemshwa.

Sasa tukitazame kisima chenyewe. Mama anafika alfajiri na punda na mitungi minne ya lita 20. Kwanza anaondoa matawi ya miiba yaliyofunika mdomo wa shimo, kisha anachota maji yaliyolala na kuyamwaga pembeni, kwa kuwa maji ya jana hayafai kunywewa. Anangoja mapya yachuruzike. Maji aliyoyamwaga hayaendi mbali. Yanalowesha mchanga unaozunguka shimo, yanapita juu ya kinyesi cha punda na mbuzi waliokunywa jana jioni, na mengine yanarudi shimoni yakiwa hayajapita kwenye mchanga wa kutosha kuyasafisha. Shimo likizama zaidi kadiri kiangazi kinavyokaza, mtoto mwepesi ndiye anayeteremka ndani, miguu mitupu, na kata mkononi. Hata kata hiyo huwekwa chini juu ya mchanga kila mtungi unapojaa.

Kwa mnyoo wa safura, hakuna makao bora kuliko hayo. Mayai yakidondoka kwenye mchanga wenye joto, unyevu na kivuli, huanguliwa kwa siku moja au mbili, na baada ya siku 5 hadi 10 lava huwa tayari kutoboa ngozi ya mguu. Katika mazingira mazuri huweza kuishi wiki 3 au 4. Kinyume chake, mchanga mkavu uliochomwa na jua la mchana, na huo ndio sehemu kubwa ya kitanda cha mto, huyakausha mayai na lava na kuyaua. Hali hiyo ndiyo inayofanya ukingo wa kisima uwe hatari kuliko mto mzima: ni kipande pekee kinacholowa kila siku, chenye kivuli cha shimo, kinachokanyagwa na kila mnyama na kila mtu. Askaris ni mkaidi zaidi. Yai lake halihitaji mguu wa mtu, linahitaji mkono na mdomo tu, na ardhini hudumu miaka likipata unyevu. Minyoo ya safura ya mbwa nayo haikomai ndani ya mtu, ila lava zake huweza kutambaa chini ya ngozi na kuacha michirizi inayowasha kwa wiki kadhaa.

Kichocho nakiweka kando kwa makusudi. Eneo la Kambu huko Makueni limechangia sana katika utafiti wa ugonjwa huo, lakini kichocho hutaka konokono na maji ya wazi. Kulitia kila gonjwa la maji kwenye kapu la mchanga ni njia ya haraka ya kupoteza hoja.

Kutafuta hatari mahali mahususi si jambo geni Kitui. Mlipuko wa ugonjwa wa kala-azar wa 1952 na 1953 uliwapeleka watafiti nyanda zile, na hatimaye shaka yao iliangukia vichuguu vya mchwa karibu na nyumba, ambamo mdudu anayeeneza ugonjwa hujificha na ambapo watu walizoea kukaa jioni. Wilaya nzima ilikuwa na ugonjwa, lakini mahali pa kuukabili paliweza kuonyeshwa kwa kidole. Kwa nini tusifikiri hivyo kuhusu mchanga wa mito?

Jibu moja ni kwamba mchanga tumeuweka kwenye faili la mazingira. Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, ikaunda mamlaka ya kuusimamia, na kwa haki kabisa, kwani malori yalikuwa yakiyaacha makorongo matupu na visima vikikauka. Sheria hiyo inajali wingi wa mchanga. Usafi wake haukuwa ugomvi wa wakati ule. Hata hivyo mambo hayo mawili hukutana mtoni: vijana wanaopakia mchanga hukaa kutwa kwenye kitanda cha mto, mara nyingi bila choo karibu, na mashimo wanayoyaacha huwa mabwawa madogo ya mifugo. Leseni ya kuvuna mchanga inayodai ripoti ya mazingira ingeweza vilevile kudai choo cha muda mbali na kingo za mto. Sioni ugumu wake.

Jibu la pili ni kipimo. Maji ya kisima yakipelekwa maabara, hutafutwa bakteria wa kinyesi. Bakteria hao hufa mapema kuliko mayai ya askaris, kwa hiyo majibu mazuri ya maji hayasemi lolote kuhusu mchanga unaozunguka. Kuyatafuta mayai mchangani hakuhitaji mashine ya mamilioni: mchanga huoshwa, hutiwa kwenye mmumunyo mzito wa chumvi, mayai yakaelea, yakahesabiwa kwa hadubini. Hadubini hiyo tayari ipo kwenye maabara za hospitali, inatumika kupima choo cha wagonjwa.

Wapo watakaosema suluhisho ni pampu ya mkono tu. Wana haki kiasi. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu mabwawa ya mchanga ya kusini mashariki mwa Kenya ulionyesha kwamba maji ya visima vilivyofunikwa na vyenye pampu ni safi kuliko ya mashimo ya wazi. Ila pampu huharibika, vipuri hukosekana, na mtu mwenye mbuzi 40 hawezi kuwanywesha kwa kupiga pampu. Atachimba shimo, na watoto wake watalifuata. Kwa hiyo shimo litakuwepo, na linastahili kanuni zake: hori la mifugo upande wa chini wa mkondo, mbali na mahali pa kuchota, boma la miiba linaloacha nafasi pana kuzunguka mdomo badala ya kuufunika tu, mwiko wa kumwaga maji ya jana karibu na shimo, na ndala kwa anayeteremka. Mengi ya hayo wenyeji wanayajua. Kinachokosekana ni fungu la fedha: wafadhili hulipia ukuta, hupiga picha siku ya uzinduzi, na bajeti huishia hapo kabla ya kufika mahali mtu anapochovya kata.

Dawa za minyoo zinazogawiwa shuleni, mpango uliopanuliwa kitaifa 2012, zinamsaidia mtoto kweli. Albendazoli huua minyoo tumboni. Haigusi lava iliyo mchangani, na mtoto aliyemeza kidonge Jumatatu hupelekwa mtoni Jumatano. Idara ya afya ya kaunti inayohesabu vidonge na idara ya maji inayohesabu mabwawa zingeweza kuanza kwa kuchukua orodha zao mbili, shule kwa shule na mto kwa mto, kuona watoto wanaorudi na safura wanachota wapi.