Sekunde Tano za Mnyonge

Najua wengi wenu huja hapa kusoma kuhusu hifadhidata na seva zinazokwama usiku wa manane, lakini leo mnivumilie kidogo. Juzi nilibishana na rafiki yangu tuliyecheza naye mpira wa kikapu chuoni. Yeye anashikilia kwamba vyuo vikuu vya Marekani vilipopunguza saa ya kurusha kutoka sekunde 35 hadi 30, msimu wa 2015-16, viliwamaliza wanyonge. Jambo hili linanigusa. Timu yetu ya wanafunzi wa tarakilishi ilikuwa ya watu wafupi, na mbinu yetu pekee dhidi ya wakubwa ilikuwa kuuchelewesha mpira hadi wakasirike. Basi nilipofika nyumbani nikafungua vitabu vya historia, kisha nikaandika programu ndogo.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, saa ya kurusha ni ile saa ndogo iliyo juu ya kikapu. Timu ikipata mpira, saa inahesabu kurudi nyuma. Mpira usiporushwa ukagusa ringi kwa wakati, wapinzani wanapewa. Hapa Kenya tunacheza kwa sheria za FIBA, yaani sekunde 24, kwa hivyo 30 kwetu ni starehe.

Zamani saa hiyo haikuwepo. Tarehe 22 Novemba 1950, katika ligi ya kulipwa ya NBA, Fort Wayne Pistons waliwashinda Minneapolis Lakers 19-18. Si robo ya kwanza hiyo, ni mchezo mzima! Lakers walikuwa na jitu lao George Mikan, na Pistons waliona heri kuushika mpira kuliko kupambana naye. Watazamaji walichoka, na ligi ikaogopa kufa njaa. Mwaka wa 1954 Danny Biasone, mmiliki wa timu ya Syracuse ambaye pia alikuwa na ukumbi wa bolingi, akasukuma hesabu ambayo hata mtoto wa shule ya msingi angeiweza. Mchezo una sekunde 2,880, na mchezo mzuri una mirusho kama 120 kwa timu zote mbili. Gawanya, upate 24. Wastani wa pointi wa kila timu ukaruka kutoka 79.5 hadi 93.1 kwa msimu mmoja. Na bingwa wa msimu huo? Syracuse wenyewe.

Vyuo vikuu havikufuata. Wanaume wa vyuo walikaa miaka thelathini zaidi bila saa ya taifa zima, ilhali wanawake walikuwa na sekunde 30 kitambo. (Ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.) Desemba 1973 Tennessee waliifunga Temple 11-6. Februari 1979 North Carolina walikwenda mapumziko wakiwa hawana kitu, nyuma ya Duke 7-0.

Kocha wao, Dean Smith, alikuwa na mtindo wa kuwaweka wachezaji wanne kwenye pembe nne na mmoja katikati anayechezea mpira. Watu husema mtindo huu ulikuwa silaha ya mnyonge, lakini hapa ndipo historia inapomkanganya rafiki yangu. Fainali ya kanda yao, Machi 1982, North Carolina walikuwa na Michael Jordan, James Worthy na Sam Perkins. Hao si wanyonge kwa kipimo chochote! Virginia walikuwa na Ralph Sampson, mwenye kimo cha mita 2.24. North Carolina wakiwa mbele kwa pointi moja waliushika mpira karibu dakika 7, nchi nzima ikitazama kwenye runinga. Wakashinda 47-45. Mchezo ule uliwaudhi watu, na msimu uliofuata kanda ile ikajaribu saa ya sekunde 30. Msimu wa 1985-86 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaweka sekunde 45 kwa wanaume wote. Mwaka wa 1993 zikawa 35.

Sasa programu yangu. Nilichukua timu mbili. Kubwa hufunga pointi mbili katika zamu 53 kwa kila 100, ndogo katika zamu 47. Zikienda sare, ushindi naugawa nusu kwa nusu. Wakicheza zamu 20 kila upande, ndogo inashinda karibu mara 35 kwa 100. Zamu 40, karibu mara 30. Zamu 65, karibu 25. Zamu 70, karibu 24. Aliyesoma takwimu hatashangaa. Kadiri unavyorusha sarafu yenye kasoro mara nyingi ndivyo kasoro yake inavyojitokeza, na ndiyo maana mnyonge hupenda mchezo mfupi.

Lakini tazama tena tarakimu hizo. Kutoka zamu 20 hadi 65 ni shimo kubwa. Kutoka 65 hadi 70 ni tone. Na mchezo wa chuo wa sekunde 2,400 wenye zamu 65 kila upande ni wastani wa sekunde 18.5 kwa zamu. Saa ya 35 ilikuwa mbali na hapo, na ya 30 bado iko mbali. Ni kama kikomo cha muda tunachoiwekea seva. Maombi mengi yakijibiwa kwa sekunde 18, kushusha kikomo kutoka 35 hadi 30 kutayagusa yale machache yaliyochelewa tu. Aliyenyang'anywa silaha alinyang'anywa mwaka wa 1985, kikomo kilipotoka kwenye kutokuwepo hadi 45.

Kweli, pointi zilipanda. Msimu wa 2014-15 kila timu ilikuwa na wastani wa 67.6, na uliofuata ukafika kama 73. Lakini waandaaji walibadilisha mambo mengi kwa pamoja. Walipunguza mapumziko ya makocha na kuwataka waamuzi wawe wakali kwa mikono ya walinzi. Mnaoandika programu mnajua shida ya kubadilisha mistari mitano kisha kuuliza ni upi ulioponya.

Basi mnyonge alikufa? Machi 1996, kwa saa ya 35, Princeton wa kocha Pete Carril waliwatoa UCLA, mabingwa watetezi, 43-41, wakitumia kila sekunde na kukata nyuma ya mlinzi kwa kikapu cha mwisho. Huo ndio mfano wa rafiki yangu, na ni mzuri. Ila tangu 1985 hadi 2015 timu zilizopangwa nambari 16 zilikutana na nambari 1 mara 124 katika mashindano ya taifa ya wanaume, na zilishindwa zote 124. Zilipokuja sekunde 30, UMBC waliipiga Virginia 74-54 mwaka wa 2018, na Fairleigh Dickinson wakaitoa Purdue 63-58 mwaka wa 2023.

Virginia ile ndiyo hasa inayonifurahisha. Ilikuwa bora kuliko wote na polepole kuliko karibu wote. Yaani mkubwa aliyechagua mwenyewe zamu chache, zile ambazo mnyonge angeziomba. Hadi mapumziko ilikuwa 21-21. Baada ya hapo UMBC waliendelea kurusha bila woga, wakamaliza na vikapu 12 vya pointi tatu kati ya majaribio 24. Hapo programu yangu inanyamaza, maana yenyewe inajua pointi mbili tu. Virginia hawakubadili mwendo, na mwaka wa 2019 wakachukua ubingwa.

Nimemtumia rafiki yangu hesabu zote jana usiku. Amejibu kwamba programu yangu haijawahi kukabwa na mtu wa mita mbili huku mwamuzi akihesabu tano, nne, tatu. Wiki ijayo nitaongeza pointi tatu kwenye programu, halafu nimjibu.