Mto Rusizi na Moyo wa Burton

Ukisimama kwenye miinuko ya Gihosha siku isiyo na ukungu, unaliona bonde la Rusizi hadi ziwani, na ng'ambo milima ya Uvira. Mto ule unaingia Ziwa Tanganyika. Mvuvi yeyote wa hapa atakwambia. Lakini kuna mtu mwenye akili nyingi aliyelijua hilo, kisha akalikana, na nimeufuata mkondo wake ili nijue tunajifahamu kwa kiasi gani.

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakitafuta chanzo cha Nile. Speke alivuka ziwa, akarudi na habari ya mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim: kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Mwezi Aprili wakapanda mitumbwi hadi Uvira. Huko wana watatu wa mtawala Maruta wakawaambia waziwazi kwamba Rusizi unaingia. Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao, naye akasema Speke alimwelewa Hamid vibaya. Burton alivunjika moyo, ila hakuficha. Kitabu chake cha 1860 kinasema mto unaingia.

Wakati huo Speke alikuwa ameshaliona Ziwa Nyanza karibu na Mwanza, Agosti 1858, akashikilia kwamba Nile inatoka huko. Mei 1859 alimtangulia Burton kufika London, akapata sifa, akapewa na msafara mwingine. Urafiki ukafa. Novemba 1864, miezi miwili baada ya Speke kufariki, Burton alisimama mbele ya wanajiografia wa London akadai Rusizi unatoka ziwani, yaani Nile inaanzia Tanganyika, si Nyanza ya Speke. Hakuwa amerudi Uvira hata mara moja. Alileta hoja za vimo na ramani.

Sidhani alidanganya. Naamini alijichungulia moyoni akazikuta hoja za jiografia tu, akaridhika. Kinyongo hakikumjia kwa jina lake. Nyani haoni kundule.

Mwaka 1977, Wamarekani Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza jaribio moja la dukani. Wanunuzi waliwekewa jozi 4 za soksi za nailoni, zote sawa kabisa, wachague iliyo bora. Ya mwisho kulia ndiyo iliyopendwa zaidi. Walipoulizwa sababu, hakuna aliyetaja mahali ilipowekwa. Na walipodokezwa hilo, karibu wote walikataa. Walikuwa wakweli, na hawakujua.

Nafsi naisadiki inaponiambia kwamba naumia, naogopa au natamani. Ikianza kunieleza kwa nini, naichukulia kama shahidi aliyefika baada ya ajali: huenda anapatia, lakini anakisia. Ndiyo maana huangalia pia tarehe, na huwauliza walionizunguka.

Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley walifika kwa mtumbwi penye mdomo wa Rusizi, wakayaona maji yakiingia ziwani. Wana wa Maruta walikuwa wamesema kweli. Kwangu mimi, Burton wa kuaminiwa ni yule wa 1860, aliyeandika alichoambiwa Uvira hata kama kilimuuma.