Utunzi Katika Somo la Kiingereza: Shule za Kati za Kenya Tangu Mwaka 1949

Mikutano miwili ilifanyika katika kilima cha Makerere, Uganda, katika muda usiotimia miaka miwili. Wa kwanza, wa Januari 1961, uliwakusanya wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola wazungumzie jinsi ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Wa pili, wa Juni 1962, uliwaita waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza. Huo wa kwanza ulihusu watoto ambao hawajaweza kuandika. Huu wa pili ulihusu watu wazima waliokwisha kuandika. Kati ya hali hizo mbili pana jambo ambalo wanahistoria wa elimu hawalitazami sana, nalo ni hili: mtoto wa Kenya alifundishwaje kusoma na kutunga kwa lugha ambayo hakulelewa nayo?

Jawabu halina budi kuanzia katika shule za kati. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 iliigawa elimu ya Waafrika nchini Kenya katika ngazi tatu za miaka minne minne, na ile ya katikati ilianzia darasa la tano hadi la nane. Mwisho wake ulikuwa ni mtihani uliojulikana kwa herufi zake, KAPE. Nafasi za sekondari zilikuwa haba mno, hivyo mtihani huo ulikuwa mlango mwembamba, na bawabu wake alikuwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, anamkumbuka mwanafunzi mwenzake wa mwaka 1954 aliyefaulu vizuri sana katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Mtihani wote ukahesabiwa kuwa ameshindwa, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake nyingine zilikuwa za kawaida, alipata nafasi katika Shule ya Upili ya Alliance kwa nguvu ya Kiingereza chake.

Kisa hicho hutajwa mara nyingi kuonyesha dhuluma, nacho kinastahili kutajwa hivyo. Hata hivyo, katika kitabu hicho hicho mna maelezo mengine ambayo kwa mwalimu wa lugha yana uzito mkubwa zaidi. Ngũgĩ anasimulia kuwa jioni, kandokando ya moto, watoto walisikiliza hadithi na kisha kuzirudia wao wenyewe kwa watoto wenzao walipokuwa wakifanya kazi mashambani. Walijua kumtambua msimulizi hodari na kumtenga na asiyejua: hodari aliweza kuirudia hadithi ile ile nao wakaiona mpya, kwa sababu ya uteuzi wake wa maneno, picha zake na mpando na mshuko wa sauti yake. Kwa maneno mengine, watoto wale walikuwa watunzi na wahakiki kabla ya kuingia darasa la tano. Walipoingia humo walikuta Dickens na Stevenson waliorahisishwa, pamoja na Rider Haggard, na adhabu kwa yule aliyesikika akisema Kikuyu katika uwanja wa shule. Tangu mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na kuzitwaa shule za kujitegemea za Wakikuyu, Kiingereza kilikuwa kimeshika hatamu hata huko.

Ni kosa kudhani kwamba walimu wa shule za kati walikosa kufundisha utunzi kwa uvivu. Mbinu yenyewe iliukataza. Mafunzo ya Kiingereza kama lugha ya pili katika miaka hiyo yalijengwa juu ya miundo ya sentensi iliyopangwa kwa ngazi: muundo mmoja hutamkwa, hurudiwa na darasa zima, husomwa, ndipo huandikwa. Kosa lilionekana kama ugonjwa. Likiachwa liandikwe mara moja litazoeleka. Kwa hiyo utunzi ulikuwa wa kuongozwa. Mwanafunzi alipewa aya iliyokwisha kuandikwa na kuambiwa ageuze wakati uliopo uwe wakati uliopita, au ajaze mapengo, au aweke jina lake mahali pa jina la mtoto wa kitabuni. Alichoandika kilikuwa sahihi, lakini hakikuwa chake. Mkutano wa Makerere wa 1961 uliitia nguvu imani hiyo. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, anaonyesha kuwa miongoni mwa itikadi zilizojitokeza katika taarifa ya mkutano huo ni ile ya kuwa Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza peke yake, na kwamba kuanza mapema ndiko bora. Hadithi ya kando ya moto haikuwa na mlango wa kuingilia.

Cha kustaajabisha ni kwamba Waingereza wenyewe, kwa watoto wao, walikuwa wakielekea njia nyingine. Mwaka 1966 walimu na wanazuoni wa Uingereza na Marekani walikutana katika Chuo cha Dartmouth, New Hampshire, na mwaka uliofuata John Dixon akatoa kitabu Growth Through English, kilichoshikilia kuwa mtoto hukua katika lugha kwa kuandika yale aliyoyaishi. Yaani mtoto wa London aandike maisha yake, na wa Limuru ajaze mapengo. Yafaa kukiri kwamba watoto hao hawakuwa na hali moja, kwani mmoja aliandika kwa lugha ya mama yake. Lakini hoja hiyo yapaswa kuongoza kwenye kuitumia lugha ya mama ya yule wa pili, si kwenye kuifukuza.

Kenya ilipata nafasi ya kujirekebisha. Kituo Maalumu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1957 kilitayarisha mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza kwa watoto wa Kiasia, kisha kwa Waafrika. Ubaya wake kwa lugha za Kenya unajulikana. Lakini mpango huo ulileta pia kazi za vikundi, michezo na mazungumzo, mambo ambayo yangaliweza kupanda hadi madarasa ya juu. Ulipoenezwa kwa haraka baada ya uhuru, kwa walimu wasioandaliwa vya kutosha, yalibaki maganda. Na mtihani wa CPE wa miaka ya 1960 ulipimwa kwa maswali ya kuchagua jibu. Mwalimu angefundishaje kutunga hali mwanafunzi atapimwa kwa kutia alama penye herufi?

Mwaka 1985 KCPE ya kwanza ilifanywa, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Hapo pana funzo chungu kwa wapenzi wa Kiswahili. Insha ya Kiswahili haikuyarithi mapokeo ya ngano wala ya utenzi. Ilirithi desturi za chumba cha pili, yaani somo la Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiingereza alipewa sentensi ya kuanzia akakariri tashbihi za kuipambia. Wa Kiswahili akapewa methali au sentensi ya kumalizia, akakariri alfajiri yenye majogoo na miale ya jua, hata kama kisa chake ni cha usiku. Miaka ya mwisho ya KCPE, iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtungo huo ulipewa dakika 40 na alama 40. Vitabu vya insha za mfano viliuzwa kwa lugha zote mbili, na mara nyingine ni vigumu kujua ni kipi kilichomwiga mwenzake.

Mabadiliko yaliyodai heshima ya fasihi simulizi yalianzia juu. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe. Mwaka 1974 walimu wa fasihi walikutana Nairobi kujadili mafunzo ya fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Sekondari ilifaidika. Madarasa ya chini ya hapo yalingoja sana, na ubunifu wa watoto ukawa unaonekana zaidi katika tamasha za muziki na drama, ambako mashairi ya Kiingereza hukaririwa kwa pamoja na hadithi za mdomo huigizwa, kuliko katika daftari la mtungo.

Ngazi ya kati imerudi sasa kwa jina lake: mwongozo wa mtaala wa mwaka 2017 unaliweka gredi ya nne hadi ya tisa chini yake, na gredi ya saba ya kwanza iliingia shule ya sekondari ya chini mwaka 2023. Kuna kitabu cha darasa cha kusomwa kwa kina na kuna kazi za kutunga. Mwalimu wa Kiingereza anayemwambia mwanafunzi aandike hadithi aliyoisikia kwa bibi yake hukutana mara moja na tatizo ambalo wataalamu wa 1961 walilikwepa. Ngano ya Kiswahili huanza kwa msimulizi kusema "Paukwa!" na wasikilizaji kuitikia "Pakawa!" Katika daftari la Kiingereza aghalabu hubaki ule mwanzo wa vitabu vya Kizungu usemao "hapo kale", usiomngoja mtu aitikie. Wako walimu wanaomwacha mwanafunzi auandike mwito wa kwao kama ulivyo, kisha darasa liuitikie anapoisoma kazi yake kwa sauti, na alama za uakifishaji zisahihishwe baadaye.