Tadbiri ya Safari ya Everest

Alipokabidhiwa uongozi wa msafara wa Waingereza wa mwaka 1953, Kanali John Hunt alitambua ya kuwa mlima wa Everest, wenye kimo cha zaidi ya mita 8,800, haupandwi kwa ushujaa mtupu bali kwa hesabu na tadbiri, akapanga vyakula, mahema na mitungi ya oksijeni kituo baada ya kituo. Mwezi wa Machi wapagazi zaidi ya 300 wakaondoka bonde la Kathmandu kwa miguu, baadhi yao wamejitwika masanduku ya sarafu za ujira, kwani watu wa milimani hawakuridhia noti. Tarehe 29 Mei wapanda mlima wawili wa msafara huo, Hillary na Tenzing Norgay, wakafika kileleni. Na insafu yatulazimu kukiri kwamba fahari hiyo ni ya wapagazi pia.