Wimbo wa Mbwa, Karagwe 1862

Novemba 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Karagwe kwa Omukama Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Januari Speke akaendelea na safari kwenda Buganda. Grant alibaki mpaka Aprili 1862 kwa sababu mguu wake ulikuwa na ugonjwa mbaya na hakuweza kutembea. Mtu wa namna hiyo hana kazi nyingine ila kutazama na kusikiliza. Kwa mguu ule mbovu tukapata maelezo ya zamani ya upigaji wa nanga katika nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa.

Katika kitabu chake cha 1864, A Walk Across Africa, Grant anaieleza nanga kama sinia la mti mzito mweusi, inchi 22 kwa 9, lenye uzi mmoja uliopitishwa huku na huku mara saba au nane. (Kupima ndiyo ilikuwa tabia yao; Speke alipima hata mwili wa shemeji wa Rumanyika.) Kisha anasimulia jinsi alivyoletewa mpigaji aliyesifiwa kuwa hodari. Mtu huyo aliingia bila kujitambulisha, akaegemeza mkuki, akakaa mkekani na kugeuza uso pembeni. Aliimba kwamba ametumwa kwa mgeni, akaimba na habari za mbwa aliyependwa sana. Watu wakajaa. Aliombwa arudie mara kadhaa, na siku zilizofuata wimbo wa mbwa ukawa midomoni mwa watu.

Baadaye alikuja bibi kizee, akapiga nanga akiwa amesimama. Grant alisikia sauti ya "sh, sh" tu, akaona mdomo unapindwa, mwili unayumba na miguu inainuka. Aliona onyesho hilo halifai kitu, wala hakutaka lirudiwe.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikiusoma ukurasa huo. Mpigaji wa kwanza alirudia wimbo wake, lakini hatujui kama mara ya pili ilikuwa ndefu zaidi, au kama mbwa aliongezewa sifa baada ya watu kujaa. Bibi yeye alipewa nafasi moja tu.

Walinganishe na Grateful Dead, bendi ya rock ya California iliyopiga maonyesho zaidi ya 2,000 kati ya 1965 na 1995. Iliwaacha mashabiki warekodi, na kuanzia 1984 ikawatengea wenye vinasa sauti sehemu yao ukumbini. Mpaka leo watu wanabishana kama onyesho la Chuo Kikuu cha Cornell, 8 Mei 1977, kweli linayashinda mengine. Ubishi huo unaweza kuchosha, lakini una haki ndani yake: ukisema usiku fulani walipiga ovyo, mwenzako anaweka kanda na wote mnasikiliza. Hukumu ina rufaa. Bibi wa Karagwe alihukumiwa na sikio moja la mgeni, na huenda miguu ile na ile "sh" ndiyo wimbo wenyewe.

Sauti ilikuja baadaye sana, na kwa majirani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake akamrekodi Mhaya, Habib bin Seliman, akiimba kwa nanga habari za Mugasha, mungu wa ziwa na dhoruba. Ni dakika chache tu, lakini unaweza kuzirudia utakavyo.

Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tuna ugonjwa wa kuuliza matini sahihi ni ipi. Albert Lord alishajibu mwaka 1960, kwa kuwasikiliza waimbaji wa Yugoslavia: kila uimbaji ni utungaji, hakuna nakala mama. Hata hivyo mara nyingi tunachapa toleo moja, na mwanafunzi anayefuata analishika kama msahafu. Ruth Finnegan alipotilia shaka, mwaka 1970, kuwapo kwa tendi katika Afrika, M. M. Mulokozi alimjibu mwaka 1983 kwa kutumia waimbaji wa nanga wa Kagera. Bila watu kuwafuata waimbaji hao na kuwarekodi, angejibu kwa kutumia nini?

Leo harusini Kayanga au Nkwenda simu kumi zinainuliwa kwa pamoja. Nyingi ya video hizo husambazwa bila tarehe, bila kijiji, bila jina la mwimbaji, kisha simu inaharibika na mambo yanaishia hapo. Kanda za Grateful Dead zina thamani kwa sababu mtu alijisumbua kuandika siku, mji na mpangilio wa nyimbo. Kama unayo video ya mzee wako akiimba, iandikie hayo matatu. Na ile nyingine, aliyokohoa katikati akasahau jina la babu, usiifute.