Mwenye Boma Ambaye Hakuwahi Kuzaliwa

Makumbusho ya Kisumu yana boma zima la Kiluo, na mwenye boma hilo hakuwahi kuzaliwa. Sisemi kwa kejeli. Ber-gi-dala, lililojengwa kwa msaada wa UNESCO ndani ya uwanja wa makumbusho yaliyofunguliwa Aprili 1980, ni boma la mfano la Mluo wa kubuni, pamoja na wake zake watatu, mwanawe wa kwanza, ghala lake na zizi lake. Likizo ya Desemba ikifika, watu wa Nairobi wanaoshuka Nyanza kwa basi, kwa magari yao au kwa treni iliyorejea mwaka 2021 huwapeleka watoto huko. Wakishachoka kutazama nyoka na mamba, mwongozaji huwakusanya langoni na kuanza hadithi ya boma.

Nalipenda boma lile, na nitalisifu kabla sijagombana nalo. Nyumba ya Mikayi, mke mkubwa, imelitazama lango moja kwa moja. Nyachira na Reru, mke wa pili na wa tatu, wako ubavuni, mmoja huku na mwingine kule. Simba, nyumba ya kijana wa kwanza, iko karibu na lango, maana anayekua ndiye anayekaribia kutoka. Ukielezwa vizuri, unasoma katika mpangilio huo nani alitangulia kuolewa na nani atatangulia kuondoka akajenge kwake. Kuingia kwa Mikayi lazima uiname, kwa kuwa paa la nyasi limeshuka chini ya kichwa cha mtu mzima, na ukishaingia macho huchukua muda kuzoea giza. Kwenye kilele cha paa husimama osuri, ufito uliochongoka. Kwa desturi, mwenye boma akifa ufito huo huondolewa, na apitaye njiani hujua bila kuambiwa.

Ni hapo mtoto mmoja katika kundi letu alipouliza, "Sasa huyu mzee mwenyewe ako wapi?"

Mwongozaji akacheka. "Hayuko, kijana. Ni mfano tu."

Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na ndilo lililonichokoza.

Kwa sababu Kenya inajua kuonyesha nyumba za watu waliopata kuishi. Lamu kuna nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 ambayo mgeni huipita chumba baada ya chumba. Nairobi, nyumba iliyojengwa mwaka 1912, alimokaa mwandishi Karen Blixen tangu 1917 mpaka kilimo cha kahawa kilipomshinda mwaka 1931, imekuwa makumbusho tangu 1986. Hata huku kwetu, ukifika Kang'o ka Jaramogi, Bondo, unatembezwa katika boma la Jaramogi Oginga Odinga mwenyewe. Ila Kisumu mjini, mgeni akiomba kuonyeshwa nyumba ya zamani, anapelekwa kwenye boma la kijijini. Jiji lenye zaidi ya karne moja linajitambulisha kwa wageni kwa nyumba isiyo ya mjini na ya mtu asiyekuwapo.

Asili ya mji wenyewe inasimuliwa mno, na inasimuliwa ovyo. Tarehe 20 Desemba 1901 Florence Preston alipiga nyundo ya mwisho kwenye reli iliyotoka Mombasa, mahali pakajulikana kwa jina la Port Florence, na hadithi inaishia hapo. Vijitabu vya watalii hata humpandisha mumewe cheo na kumwita mhandisi mkuu. Ronald Preston alikuwa msimamizi wa watandaza reli. Mhandisi mkuu alikuwa George Whitehouse. Tena, kabla ya nyundo hiyo, meli William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa ziwani, ilikuwa majini tangu 1900. Wala ardhi haikuwa tupu, ilikuwa na wenyewe, watu wa Kisumo na Kajulu, wenye maboma ya kweli ambayo leo hakuna anayetembezwa. Nyongeza kwa wanaopenda kuuita mji huu mtoto wa reli ya Kenya: siku ile nyundo inapigwa, Kisumu ilikuwa Uganda. Ilihamishiwa upande huu mwaka 1902. Mji wa wapagazi, mabaharia, vibarua na wavuvi umepewa mama mmoja, eti aliuzaa kwa nyundo.

Walioupa mji umbo lake ni wengine. Allidina Visram, Mkhoja kutoka Kutch aliyefariki mwaka 1916, alifungua maduka kufuata njia ya reli hadi Kisumu na kuingia Uganda, na nyuma yake wakaja wafanyabiashara wadogo wa Kihindi wasioandikwa vitabuni. Wengine walipewa mashamba Kibos kuanzia 1903, wakalima miwa. Wale wa mjini wakajenga nyumba ambazo bado zipo kwa wingi, na hizi ndizo ninazozitetea.

Simama upande wa pili wa barabara ya Oginga Odinga, uinue macho juu ya mabango ya M-Pesa na ya simu. Huko juu utaona ukingo wa paa uliofinyangwa nakshi za saruji, na mara nyingine katikati yake mwaka wa ujenzi au jina la familia, likiwa limepakwa rangi juu ya rangi mpaka tarakimu zimefutika kama kovu la chanjo. Chini yake kuna madirisha ya mbao yenye vibao vilivyolala mshazari, na veranda iliyobebwa na nguzo. Mbele ni duka. Nyuma au ghorofani ilikaa familia. Katikati kuna ua wa kufulia na kupikia, na mwisho wa ua mlango mdogo wa uchochoroni, alimopita mpishi na mchukuzi. Nje verandani alikaa fundi wa cherehani, mara nyingi Mwafrika, akishona vitambaa vilivyonunuliwa ndani na kupokea vipimo kutoka kwa mteja aliyesimama barabarani. Nyumba hiyo inasomeka kama boma la makumbusho linavyosomeka, pa mwenye mali na pa mtumishi, aliyepitia mbele na aliyepitia nyuma. Inahitaji tu mtu wa kuisoma kwa sauti mbele ya wageni.

Ukiuliza kwa nini hakuna anayejali, utaambiwa kwamba mjini si kwetu. Mluo huwa na nyumba mjini, lakini boma lake liko mashambani. Hoja hii iliwahi kuitikisa nchi nzima. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986 (siku ileile ya nyundo, kwa wanaopenda sadfa), na maiti yake ikakaa mochari miezi mitano huku mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wa Umira Kager wakibishana mahakamani azikwe wapi. Ukoo ulishinda, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987. Tangu hapo, mtu akitaka kueleza kwa nini nyumba za Kisumu ni yatima, hutaja desturi na kunyamaza.

Desturi naiheshimu, lakini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ina sahihi na muhuri wa serikali. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, na ripoti yake ikapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengewe mitaa yao. Tauni ilikuwa kisingizio kilichokuwa tayari mkononi. Kisumu Wazungu wakawa juu Milimani, Wahindi wakawa madukani, Mwafrika akawa kibarua wa kupangishiwa. Nyalenda na Manyatta, ambako watu wengi hasa waliishi, zilibaki nje ya mipaka ya manispaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu aliyezuiliwa nusu karne kuwa na kwake mjini akazoea kusema mjini si kwake, nasi tukayachukua maneno yake tukayaita mila ya mababu. Jaramogi aliliona hilo mapema. Shirika la LUTATCO aliloliasisi miaka ya 1940 lilitaka Mwafrika amiliki biashara na majengo, asibaki mteja wa verandani.

Mengine yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1931 reli ilifika Kampala kwa njia ya Nakuru na Eldoret, na Kisumu ikabaki mwisho wa tawi. Grace Onyango akawa meya mwaka 1965. Oktoba 1969 umati ukapigwa risasi na damu ikamwagika siku ya kufunguliwa hospitali ya mji. Familia nyingi za Kihindi zikafunga maduka na kwenda zao, nyingine zikabaki. Hadhi ya jiji ikaja 2001, moto wa uchaguzi ukaja mwishoni mwa 2007 na kuendelea 2008, na baada ya hapo yakaja maghorofa ya vioo.

Nikiyasema haya, wapo wanaonijibu kwamba nyumba za Wahindi na zihifadhiwe na Wahindi. Nawauliza mpishi aliyepitia mlango wa uchochoroni alikuwa wa kabila gani, na yule fundi aliyesomesha watoto kwa cherehani ya veranda alikuwa wa nani. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa urithi wa taifa, hata likiwa mali ya mtu binafsi. Ianzwe na nyumba moja tu, yenye mwaka wake juu na ua wake nyuma, kabla kibali cha kuibomoa hakijatoka. Mafundi wa cherehani ambao bado wanakaa kwenye veranda zile ndio wawe waongozaji wake wa kwanza, na walipwe.